Tisa za Zaitun

"Rupia tisa! Nikupe rupia tisa kwa kugongagonga mti chini?"

Yotham alilisema hilo kwa sauti, ili kila aliyekuwa ukingoni mwa mbuga asikie. Alisimama na viatu vyake vya ngozi, mguu mmoja juu ya kapu la samaki, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Zaitun hakupandisha sauti. "Safari tisa, rupia tisa. Kila safari rupia moja. Ulitamka mwenyewe, na Mzee Mazengo alikuwa amekaa hapo hapo alipokaa sasa. Ya leo sikudai. Nilipe zile tisa."

"Mzee Mazengo haoni."

"Macho yamekufa," mzee alijibu bila kugeuka. "Masikio mazima. Ulisema rupia moja kila safari, tena uliapa kwa Mungu wako wa kitabuni."

Wanawake waliokuwa wakikausha samaki walicheka chini chini. Yotham akahisi joto likimpanda shingoni. Hakupenda kuchekwa. Alikuwa amesoma misheni kwao Mlali, anajua kuandika, na ndiye aliyepeleka samaki wakavu kambi ya reli. Mwaka ule reli ya Mjerumani ilikuwa imeshapita Dodoma, inakwenda magharibi kama siafu, na kambi ilikula kila kitu kilichopelekwa. Yotham alinunua samaki kwa hela, zile senti ndogo za Mjerumani, akauza kwa rupia. Hilo halikuwa kosa. Kosa lake ni kwamba kutoa fedha mfukoni kulimuuma kama kung'olewa jino, hata ikiwa fedha ya haki ya mtu.

"Bwana Yotham," Zaitun alisema, "mume wangu Hasani amefungwa bomani mwezi wa pili huu. Nyumba tatu, kodi rupia tatu kila nyumba. Yetu, ya mama mkwe, na ile ya marehemu shemeji yangu ambamo wanalala mbuzi tu, nayo imeandikwa. Jumla tisa. Keshokutwa wasiolipiwa wanapandishwa treni, wanapelekwa pwani kubeba mizigo ya Serikali. Umeona wangapi waliorudi kutoka huko?"

"Hiyo kodi sikuiandika mimi."

"Hukuiandika. Lakini safari tisa nimekwenda mimi."

Kiunoni mwa Yotham palifungwa kifuko cha ngozi ya mbuzi. Alipobadilisha mguu, kililia. Zaitun akakitazama. Ndani mlikuwa na rupia tisa kamili, wala si bahati: Yotham alizihesabu asubuhi ile ile akijiuliza kama azitoe, akaamua la.

"Twende ya leo," alisema. "Tukirudi na mzigo nakulipa zote. Mbele ya mzee."

"Zote?"

"Nimesema zote. Unataka niandike?"

Zaitun akachukua mti wake.

Asiyeijua mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi ataiona uwanja mweupe, mgumu, wa kuchezea ngoma. Huko ndiko kufa. Maji yakishuka, juu panabaki ganda la tope lililokaushwa na jua na kupakwa chumvi. Chini ya ganda tope ni bichi, laini kama uji, na halina mwisho unaojulikana. Humo ndimo kambale hujificha. Mvuvi hutoboa tundu dogo kwenye ganda, huinama juu yake na mkuki, na husubiri kambale apande kuvuta hewa. Wenye subira hurudi na kapu zima. Wenye haraka hawarudi.

Kwa hiyo hutangulia mmoja anayelijua ganda. Zaitun alilijua. Baba yake alishuka kutoka milima ya Kondoa akiwa amembeba mgongoni, akaanza kuvua Bahi, na mtoto akakulia juu ya ganda hilo. Mti wake ulikuwa wa mkole, mrefu kama watu wawili, umekatwa alama tatu kwenye ncha. Aligonga, akasikiliza. Ganda likisema *ko*, linabeba. Likisema *bu*, rudi nyuma ulikotoka, tena bila kugeuka kwa pupa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Anayetangulia akifika ukingoni, kabla ya kukanyaga, hugonga ganda mara moja kwa kila mtu anayeingia. Wakitoka hugonga tena, mara moja kwa kila aliyetoka. Mzee Mazengo huhamisha kokoto mkono huu kwenda mkono ule. Asiyerudi hagongewi. Jina lake husemwa mara moja kwa sauti, kokoto lake hutupwa mbugani, mambo yameisha.

"Na ukimgongea asiyekuwepo?" Yotham aliwahi kuuliza, safari ya kwanza, kwa mzaha.

"Umemwita," mzee alijibu. "Mbuga haidhulumu hesabu. Ukiiambia wawili wametoka, itatoa wawili."

Yotham alicheka mpaka akakohoa.

Siku hiyo Zaitun aligonga mara mbili. *Ko. Ko.* Wakaingia.

"Vua viatu," alimwambia. "Mguu mtupu unasikia."

"Viatu hivi vimenigharimu."

"Basi kaa nyuma yangu hatua kumi. Usipunguze. Mti wako ubebe umelala, kushoto kwenda kulia, ukitumbukia ukushike. Palipo peupe na penye nyufa kubwa kanyaga. Panapong'aa kama mgongo wa kambale, usikanyage hata kama nakuita."

"Nimeshasikia hayo mara tisa."

"Sikia mara ya kumi. Ukitumbukia, usipige miguu kama anayetaka kusimama. Lala. Tandaza mikono. Geuza uso ulikotoka, maana ganda la nyuma limeshakubeba, la mbele hulijui. Ukitoka usisimame. Viringika."

Jua lilikuwa katikati. Ukingo ukawa mstari, watu wakawa nukta. Juu ya ganda hapakuwa na sauti ila mti. *Ko. Ko. Ko.* Kisha Zaitun akasimama, akapiga magoti, akatoboa tundu, na ndani ya muda wa kumenya karanga alikuwa ametoa kambale watatu, kila mmoja mnene kama paja.

Yotham aliwaona wakirukaruka. Akaona wa nne. Akahesabu bei yake kambini. Hatua kumi zikawa nane. Zikawa tano.

"Rudi," alisema Zaitun bila kuinua kichwa. Aliisikia miguu yake. "Rudi nyuma, Bwana Yotham. Viatu vyako vinakuja."

"Nataka kushika kapu tu."

Zikawa mbili.

Ganda halikupiga kelele. Lilisema *bu*, taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi, na Zaitun akazama mpaka kifuani. Yotham alianguka kinyumenyume, akalala chali. Lile eneo lililombeba halikupasuka. Hilo nalo hakuwahi kulieleza mtu, kwamba kosa lilikuwa lake na ganda likamhurumia yeye.

Zaitun hakupiga yowe. Alitandaza mikono. Aligeuza uso alikotoka, yaani upande wa Yotham. Alifanya kila kitu alichofundisha. Lakini mti wake ulikuwa umerukia mbali na mkono wake, karibu na Yotham, na makali ya tundu yalimeguka kila alipoyashika, kama mkate mkavu.

"Nisukumie mti," alisema. "Lala kifudifudi, usisogee, nisukumie tu."

Yotham akalala kifudifudi. Akaushika mti wa mkole, akausukuma. Zaitun akaishika ncha yenye alama tatu. Akapanda kidogo. Tope likatoa mlio wa kufyonza.

Hapo, Yotham akaacha kuvuta.

Tuseme ukweli, hakuwa amepanga. Wazo lilimjia kama inzi anavyotua, na hakulifukuza.

"Zile tisa," alisema. "Sema ni tano, nikuvute."

Zaitun alimtazama kwanza kama mtu asiyesikia vizuri. "Vuta, Bwana Yotham."

"Tano."

"Tisa. Hasani anatoka kwa tisa. Tano itamtoa kipande gani?"

Yotham akaulegeza mti shubiri moja. Tope likapanda shubiri moja. Aliona lilivyopanda, akashangaa jinsi biashara hii ilivyokuwa rahisi. Hapakuwa na mzee wa kusikiliza. Hapakuwa na wanawake wa kucheka.

"Tano," alisema tena.

Tope lilikuwa mabegani mwa Zaitun. Alifumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Haya," alinong'ona. "Tano. Vuta."

Na Yotham, Mungu anajua kwa nini, akatabasamu. "Ulipokataa ilikuwa tano. Sasa ni tatu."

Machozi ya Zaitun yakakauka pale pale, kwa lile jua. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama anavyotazamwa mnyama na mtu anayetaka kuikumbuka rangi yake. Tope lilifika kidevuni. Akauachia mti, kwa hiari yake, kidole kimoja kimoja.

"Tisa," alisema.

Ganda likafunga. Yotham alisubiri povu. Hakuna hata povu.

Alirudi kwa kufuata nyayo. Alizikuta zote, zake nzito zenye visigino, za Zaitun nyepesi. Alilivuta kapu kwa kamba, kambale watatu ndani. Hakutaka kuwaacha, kwa sababu ilikuwa mali. Mti wa mkole aliushika mkononi. Njiani akatunga maneno. Wakijua kafa, wataulizana, mzee atasema habari za deni, wanawake watasema walivyosikia, na askari atakuja. Lakini kama Zaitun ametoka mbugani salama, akalipwa, akaenda zake, nani atamuuliza Yotham?

Ukingoni jua lilikuwa kali, wanawake wameingia kivulini. Alikuwepo Mzee Mazengo peke yake, asiyeona, viganja wazi.

Yotham akagonga. *Ko.*

Akanyanyua mti tena.

*Ko.*

Mzee akahamisha kokoto la kwanza. Akahamisha la pili. "Wawili wametoka," alisema. Kisha akainua uso, si kuelekea kwa Yotham, bali kando yake, upande wa kushoto, juu kidogo ya bega.

"Mbukwa, Zaitun," alisalimu kwa Kigogo. "Pole. Mbona leo miguu inadondosha maji hivyo?"

Yotham akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Amepita," alisema haraka. "Nimemlipa zake, anakwenda kwao."

"Hajapita," alisema mzee. "Anapumua hapo."

Yotham akachukua kapu lake akaondoka. Alipofika mbali akatazama nyuma. Kwenye vumbi kavu zilikuwepo nyayo zake zenye visigino. Kando yake zilikuwepo nyingine, za miguu mitupu, nyembamba, zimelowa. Zilikomea hatua kumi nyuma yake.

Kambini, Mwantum muuza uji alimwekea vibakuli viwili.

"Nimeagiza kimoja."

"Na mwenzio?" Mwantum alimpungia mtu nyuma yake. "Kaa, mama, usiogope. Hee, Yotham, umemtoa wapi huyu? Mpe hata kitambaa ajifute."

Yotham hakunywa uji. Alikwenda stoo kukabidhi samaki. Mtunza stoo, Sostenes, alikuwa mtu wa hesabu asiyependa porojo. Aliwapima kambale, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Huyo mwanamke atoke. Ananikanyagia stoo na matope."

"Mwanamke gani?"

"Usinifanyie ujinga, kijana." Sostenes alimtazama. Sauti ikashuka. "Kwa nini amekushika kiuno?"

Yotham alijishika kiunoni. Kifuko cha ngozi kilikuwa pale, na rupia tisa ndani yake. Kilikuwa kimelowa chapachapa. Kilinuka kambale.

Alifika kwake jua likiwa bado juu. Ilikuwa tembe ndogo ya paa bapa, nyuma ya stesheni, sakafu ya udongo uliopigwa mpaka ukawa kama jiwe. Mkewe Lydia alikuwa anachambua mtama. Aliinua macho akasema, "Karibuni," kisha akakunja uso.

"Mgeni wetu nani?"

"Hakuna mgeni."

"Yotham, hebu acha." Lydia alisimama polepole, ungo ukamteleza. "Amesimama nyuma yako. Anakudondoshea tope kisogoni."

Yotham akapeleka mkono kisogoni. Ulirudi mweusi.

Lydia alipopepesa macho hakumwona tena. Lakini Yotham aliingia ndani, akaweka mguu sakafuni, na sakafu, ile sakafu aliyoipiga mwenyewe kwa nyundo ya mti siku tatu nzima, ikasema:

*Bu.*

Akarudi nyuma. Akamwambia Lydia akanyage. Lydia akakanyaga. *Ko.* Akamwambia aruke. Lydia akaruka, akimwangalia kama mwendawazimu. *Ko.* Yotham akaweka ncha ya kiatu. *Bu.*

Uani. *Bu.* Njiani. *Bu.* Kwenye mawe ya reli yenyewe, mbele ya stesheni, palipopita treni nzima na chuma chake. *Bu.*

Dunia nzima ilikuwa imara kwa kila mtu, isipokuwa kwake.

Tangu hapo aliishi kwa mafundisho ya Zaitun. Alivua viatu, akaviweka kando ya mlango. Alitembea na mti wa mkole, akigonga hatua kwa hatua kwenda kujisaidia. Alilala kifudifudi, mikono imetandazwa, uso umeelekea mlangoni. Lydia alimuuliza kama ni homa. Alimwambia ndiyo.

Kesho yake asubuhi akaja Mwanahawa, mama mkwe wa Zaitun, kizee kilichokauka kama ukuni, na fimbo yake.

"Shikamoo mama," Lydia alisema.

"Marahaba. Nimemfuata mumeo. Zaitun hajarudi. Mzee Mazengo anasema alitoka mbugani, alimsikia. Kesho alasiri Hasani anapandishwa treni. Kama fedha unazo wewe, Yotham, nipe mimi nikamtoe mwanangu, Zaitun atanikuta nyumbani."

Yotham alikuwa ameketi juu ya ubao, miguu imekunjwa, asiguse chini. Fedha zilikuwa juu ya kichwa chake; alishakifungua kifuko na kukitundika nguzoni, asivumilie ubaridi wake. Neno moja tu lingetosha. Hata Lydia, ambaye hakujua lolote, alimwona akifungua mdomo.

"Nilimlipa tisa zake mkononi," alisema Yotham. "Kama hajafika kwako, muulize mwanamume aliyetoroka naye."

Kizee kikatema mate, si kwa Yotham, bali kwenye sakafu, mbele ya ubao. Mate hayakukaa juu. Yalizama.

Siku ya tatu, saa ya jua kali, Lydia alikwenda kisimani. Uani kuku walinyamaza. Yotham alikuwa juu ya ubao wake. Alisikia mlio mdogo, kama ganda la yai.

Ufa ulianzia mlangoni. Ulikuja taratibu, ukizunguka mafiga, ukikiacha chungu mahali pake. Ulikuja mpaka kwenye ubao. Ukazunguka. Ukakutana na wenyewe.

Alijua la kufanya. Alilala. Alitandaza mikono. Aligeuza uso mlangoni.

Ubao ukazama kwanza, kama biskuti kwenye chai. Kisha miguu. Baridi ilikuwa kali hata akakosa pumzi. Hakupiga miguu. Alishika makali ya sakafu, yakameguka. Akashika tena, yakameguka. Tope likafika tumboni. Lilikuwa na vitu vinavyotembea ndani yake, laini, vyenye sharubu.

Mti wa mkole aliuegemeza mlangoni. Akauona ukianguka wenyewe, bila haraka. Ukatambaa sakafuni kuelekea kwake, ile ncha yenye alama tatu ikiwa mbele.

Akaushika. Ukavuta! Akapanda, mpaka kiuno kikaonekana, akaanza kulia kwa furaha kama mtoto. Kisha ukasimama.

Mlangoni palikuwa na mwanga mweupe tu.

"Tisa," ilisema sauti.

"Nakupa!" alilia Yotham. "Nakupa, ninazo! Chukua sita sasa hivi, na tatu..."

Alijisikia akisema. Alitaka kuyarudisha maneno yale mdomoni kwa mikono yote miwili. Lakini mikono ilikuwa imeshika mti.

Mti ukalegea shubiri moja.

"Zote! Ziko nguzoni! Kifukoni! Zote tisa, chukua, Zaitun, dada yangu, chukua!"

Tope likafika mabegani. Likafika kidevuni. Sauti ilikuja karibu, mpaka sikioni, ikinuka chumvi. Haikuwa na hasira.

"Ulipokataa ilikuwa tisa," ilinong'ona. "Sasa ni tisa na wewe."

Lydia alirudi na mtungi kichwani, akaita, hakuitikiwa. Sakafu ilikuwa kavu, nyororo, haina ufa hata wa kupitisha uzi. Ubao haukuwepo. Mti wa mkole ulilala kwenye kizingiti. Kando ya mlango vilisimama viatu vya Yotham, vimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino, na vyote viwili vilikuwa vimejaa tope bichi mpaka juu. Ndani ya kimoja kitu kilipumua, kikatoa povu, kikatulia.

Alitafuta uani. Alitafuta stesheni. Pale aliwaona wafungwa wamekaa chini kwa mstari, minyororo shingoni, wakingoja treni, na Hasani katikati yao akimwangalia kila mwanamke anayepita. Lydia akarudi nyumbani mbio. Mume kanikimbia, alisema moyoni. Akakishusha kifuko kutoka nguzoni, akahesabu. Tisa. Akakificha kifuani mwake, chini ya kanga.

Alasiri, kabla ya treni, Mwanahawa akaja tena. Safari hii hakusalimu. Alisimama juu ya sakafu ile, akanyoosha kiganja.

"Treni inakuja, mwanangu. Naisikia. Kama mumeo kaacha chochote, nipe. Nikuombe mpaka wapi?"

Lydia alimtazama. Hakuwa mwanamke mbaya. Lakini alikuwa ameshakuwa peke yake saa nzima, na saa nzima alikuwa amewaza njaa.

"Kaacha kidogo, mama," alisema. "Nina nne. Ukitaka, chukua nne."

Chini ya sakafu kitu kikagonga.

*Ko.*

Wote wawili wakatazama miguu yao.

*Ko.*

Mwanahawa hakusogea. Kwa mbali treni ilipiga honi. Kisha ikaja sauti kutoka chini ya udongo mkavu, chini kabisa, mdomo umejaa, sauti ambayo Lydia alilala nayo miaka sita na asingeweza kuikana.

"Lydia," ilisema. "Mpe tisa zake."